Je, Fedha ya Umma Itumiwayo kwa Hali ya Hewa ni Israfu?

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu suali hili limerudiwa mara nyingi: Je, fedha ya umma itolewayo kwa sababu ya kubadilika kwa hali ya hewa, kwa kujenga kuta za bahari kama ule wa Ngomeni, kuchimba mitaro na kupanda mikoko, ni matumizi ya haki au ni israfu, na hali wagonjwa wetu wakosa dawa? Wengine huongeza kwamba mvua na bahari ni amri ya Mungu, na mwenye kushindana nayo hupoteza mali yake bure.

Tuanze na hili la mwisho, kwani ndilo liingialo katika itikadi. Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari ya tauni, alirejea Madina pamoja na watu wake. Akaulizwa kama aikimbia kadari, naye akabainisha kuwa yuatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu huyo huyo. Na Nabii Yusuf, alayhi salaam, hakuwaambia watu wa Misri waketi waingoje njaa. Aliweka akiba miaka saba, na katika miaka ile ya neema asiyejua angaliweza kuyaona maghala yale kuwa ni kazi bure.

Sasa tutazame yaliyotukia katika zama zetu. Bangladesh ni nchi ya Waislamu, haina utajiri, na ardhi yake ya pwani yakaribia kulingana na maji. Mwezi wa Novemba 1970, ilipokuwa bado ni Pakistan ya Mashariki, tufani iliwaua watu wasiopungua 300,000. Baada ya msiba ule, serikali na Hilali Nyekundu waliandaa watu wa kujitolea wa kwenda na vipaza sauti vijijini kuwaonya wenzao; leo ni zaidi ya 70,000, wake kwa waume. Yakajengwa majengo madhubuti ya kukimbilia. Kazi haikukamilika kwa siku moja: mwaka 1991 walikufa tena watu kama 138,000. Lakini ilipokuja tufani ya Mei 2020, watu zaidi ya 2,000,000 walihamishwa mapema, na waliokufa Bangladesh hawakufika 50. Hatusemi kuwa tufani zile zililingana nguvu. Twasema kwamba tofauti kubwa hii haikuletwa na upepo peke yake.

Geuza uso upande wa Libya. Juu ya mji wa Derna palikuwa na mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970. Nyufa zake zilijulikana tangu 1998. Mkataba wa kuyatengeneza ulifanywa 2007, na fedha zikatengwa baadaye, lakini matengenezo hayakutimizwa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 ikanyesha mvua isiyo na mfano, kuta zikavunjika, na maji yakawachukua maelfu ya watu pamoja na majumba yao hadi baharini. Mwezi wa Julai 2024 mahakama iliwahukumu maofisa 12 vifungo vya miaka 9 hadi 27. Hapa mali ilikuwako na elimu ilikuwako. Iliyokosekana ni amana.

Kwa hivyo yule asemaye fedha hii huliwa, hatumkanushi. Lakini dawa ya hospitali nayo huliwa, wala hatujasikia mtu akisema hospitali zifungwe.

Yuko pia asemaye kwamba moshi huu si wetu, na walioutoa ndio walipe. Ni kweli, sehemu ya Kenya katika moshi wa dunia haifiki moja katika mia, na kudai haki yetu ni wajibu. Ila bahari haingoji hukumu. Maji yapanda kwa kuyeyuka barafu na kwa kutanuka yenyewe kwa joto, na mwezi wa Novemba 2023 mvua ilipoigharikisha mitaa ya Mombasa hakuna aliyeulizwa moshi ni wa nani.

Wala si kila jambo lataka mamilioni. Huko Gazi, mikoko iliyokuwa imekatwa sana kwa kuni za viwanda ilianza kupandwa tena kwa juhudi za wataalamu wa serikali na wenyeji. Tangu 2013 wanakijiji wanauza dhamana ya hewa inayosafishwa na hekta 117 za mikoko yao, na pato limewapa maji na kusaidia shule.

Hapa yatupasa kukiri aibu yetu. Mwaka uliopita palitangazwa kikao cha wananchi juu ya bajeti ya kaunti, ambacho ni haki yetu kwa katiba ya 2010. Sisi wenyewe wa darsa hii, tulioisema serikali barazani kila Ijumaa, hakwenda hata mmoja wetu. Safari hii tumewachagua watu watatu. Wataulizia mitaro ya mtaa wetu: fedha iliyotengwa ni kiasi gani, amepewa nani, na kazi yaishia wapi. Mwenye kutaka kufuatana nao na aje baada ya sala ya Isha, siku ya Alhamisi.