Kwa Rubani wa Jumapili

Wanangu, mtu anayerusha ndege kwa mshahara ana ratiba, ana abiria mia na kitu waliokwisha kufunga mikanda, na ana mkubwa wake ofisini anayetazama saa. Nyinyi mliosomea leseni ya binafsi hamna hata kimoja katika hivyo. Mnaruka kwa sababu mnapenda. Asubuhi ya Jumapili mkiamka mkaikuta mbingu imekunja uso, hakuna wa kuwauliza mbona hamkwenda. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa upungufu, kwamba rubani wa Jumapili ni nusu rubani. Mimi niliyeshika spana chini ya mabawa mpaka nikastaafu naona vingine. Mnayo mali ambayo rubani wa shirika angeinunua kama ingeuzwa, nayo ni hiari ya kutokwenda. Na wengi wenu naona mnaitupa.

Kisiwa chetu cha Mvita, yaani Mombasa, hakina kiwanja cha ndege. Uwanja mkubwa uko bara, Port Reitz, ukishavuka Makupa na kuipita Changamwe. Mkitaka viwanja vidogo, ni Ukunda upande wa kusini, au Vipingo na Malindi upande wa kaskazini. Kwa hiyo rubani anayelala Kibokoni au Kuze safari yake huanza kwa gari na miguu, na mambo huanza kuharibika hapo hapo, kabla hajaiona ndege. Basi toka mapema, lakini ule kwanza. Mahamri na mbaazi hayajamchelewesha mtu, na tumbo tupu juu ya kahawa chungu ni mshauri mbaya angani. Kama waenda Ukunda, kumbuka kwamba foleni ya Likoni haijui wewe ni rubani. Na saa iliyoliwa na feri, usijaribu kuidai kwenye ukaguzi wa ndege. Hilo nimeliona kwa wengi: mtu anafika akiwa amechelewa nusu saa, anaizunguka ndege mbio mbio huku akizungumza na simu, kisha anasema ameikagua. Ameikagua nini?

Tena haraka yenyewe haikupunguzii hata shilingi. Ndege ya kukodi kwa kawaida huhesabiwa kwa saa za injini. Ukikaa chini saa nzima ukiitazama, ukiipapasa, ukikaa kwenye kiti ukisoma orodha ya ukaguzi neno kwa neno, hudaiwi kitu. Katika mchezo huu wa ghali, hicho ndicho kitu pekee cha bure, nacho ndicho vijana wanachokifanyia ubahili.

Sasa sikizeni namna ya kuitazama ndege ya pwani, maana ndege iliyolala Wilson kule Nairobi, zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na hii iliyolala Ukunda hazina matatizo sawa. Usiku wetu una unyevu. Tangi lililoachwa nusu tupu huvuta hewa yenye unyevu huo ndani, na kukipoa, maji hutokea kwenye kuta za tangi yakateremka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Asubuhi, kabla hujaitikisa ndege, fungua valvu iliyo chini ya bawa, kinga mafuta kwenye kijikombe kinachoona mwanga, kiinue mbele ya kitu cheupe. Petroli ya ndege ndogo, ile ya oktani 100, hutiwa rangi ya buluu kwa makusudi. Ukiona matone yasiyo na rangi yanacheza chini, hayo ni maji. Mwaga, kinga tena, mpaka yaishe. Lakini angalia: kijikombe kisichoonyesha mpaka wowote pia kinaweza kukudanganya, kwani huenda kimejaa maji matupu. Ndiyo maana fundi hutazama rangi na kunusa vilevile. Na kikinuka mafuta ya taa, basi kuna mtu amekutilia mafuta ya ndege kubwa, na injini yako ya pistoni haiyawezi hayo. Hapo huruki, hata kama mkeo na wanao wameshakaa ndani na miwani ya jua.

Kisha chumvi. Upepo wa bahari huibeba mpaka ndani ya maungo ya ndege. Alumini haishiki kutu nyekundu mkaiona kwa mbali. Hutoa unga mweupe pembezoni mwa ribiti na kwenye bawaba, na ukiupuuza hula kimya kimya. Ioshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila upatapo nafasi. Kijana asiye na fedha za masomo akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanzie na ndoo. Mwenye ndege akikuona umeiosha vizuri bila kuvunja kitu, atakuonyesha na kilichomo ndani.

Msimsahau nyigu. Yule anayejenga kwa udongo anaupenda mrija wa kupimia kasi, ambao kwenye Cessna 172 uko chini ya bawa la kushoto. Ndege ikilala bila kufunikwa mrija huo, siku mbili zatosha kwa mdudu kufungua nyumba. Utakwenda mbio kwenye njia ya kurukia, kipimo cha kasi kimekaa kwenye sifuri, na muda wa kuamua utakuwa sekunde. Kufunika mrija ni kazi ya Jumamosi jioni, na kuvua kifuniko ni kazi ya Jumapili asubuhi. Nimewahi kuona watu wakisahau yote mawili.

Upepo nao una adabu zake, na hapa watoto wa Mji wa Kale mna urithi ambao mwanafunzi wa Nairobi hana. Namba zilizopakwa mwanzo wa njia ya kurukia ni nyuzi za dira zilizokatwa tarakimu ya mwisho. Njia kuu ya Port Reitz, yenye mita 3,350, ni 03 kwa upande mmoja na 21 kwa upande wa pili. Ukiruka kwa 03 umeelekea nyuzi 30, yaani pua ya ndege iko upande wa kaskazi. Ile njia ya pili, fupi zaidi, ni 15 na 33, na hiyo 15 inatazama kusini mashariki, upande wa kusi. Nahodha wa jahazi angeisoma ramani ya uwanja huo bila kufunzwa. Yeye alikuja na kaskazi, Disemba mpaka Machi, na hakurudi Uarabuni mpaka kusi ianze kushika. Alikaa bandarini pale chini ya Ngome, akauza tende, akanunua boriti, akaziba nyufa za jahazi lake, wengine wakaoa. Hakuna aliyemwita mwoga. Nyinyi wajukuu zake mnashindwa kungoja saa mbili wingu lipite!

Kwa kila siku, mtindo wa pwani ni huu: alfajiri hewa imetulia, na kufikia saa nne au saa tano, bara ikishapata joto, upepo wa bahari huingia. Huko Tsavo nako jua likipanda, hewa huanza kurusharusha ndege ndogo. Basi asubuhi ya starehe si ya kulala mpaka saa tatu. Amka mapema, ruka mapema, kisha starehe yako uifanye baada ya kutua.

Na starehe hiyo ina faida. Wamarekani wana mzaha wao kwamba rubani wa Jumapili huruka kwenda mji wa jirani kula mkate wa nyama, na akipiga hesabu anakuta umemgharimu dola 100. Mradi ni kuwa na pa kwenda. Wakifika wanakaa na wenzao, wanaambiana nani alikosea kutua na kwa nini. Aero Club ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1927, ina nyumba yake pale Wilson, na soga za namna hiyo ndizo zilizowalea wengi. Huku kwetu hatuhitaji jengo. Mti mmoja wenye kivuli Ukunda na birika la kahawa vyatosha. Jambo moja tu: mdogo asikize zaidi ya anavyosema. Mwenye saa nyingi angani akieleza alivyorudi nyuma kwa sababu ya mvua ya Taita, hiyo ni elimu ambayo saa 40 za mwanzo zinazotakiwa kwa leseni haziwezi kukupa. Anayejisifu alivyopenya ndani ya wingu, mpishe tu.

Vijana msiokuwa na leseni, na binti zetu, nanyi njooni. Lakini msining'inie kwenye ua mkipiga picha kwa simu. Siku hizi walinzi hawana mzaha, na wana haki. Piga hodi getini, taja jina lako na la mzazi wako, omba. Kwenye kiwanja kidogo utapata wa kukuitikia.

Nakuja kwenye lililonifanya niyaandike haya. Mwezi Mei 1931, Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa na nyumba Takaungu, aliruka na ndege yake ndogo, Gipsy Moth, kutoka Voi. Ilianguka ikaungua hapo hapo, akafa yeye na mtumishi wake, Kamau. Beryl Markham alikuwa amealikwa safari ile. Wakati huo alikuwa akijifunza urubani kwa Tom Campbell Black, na kwa masimulizi yake mwenyewe, mwalimu huyo alimwomba asiende siku ile. Hakuwa na sababu ya kumwonyesha, moyo wake tu haukutaka. Mwanafunzi akaahirisha. Miaka mitano baadaye, Septemba 1936, ndiye aliyeivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Kanada, akiukabili upepo njia nzima. Sisemi mwalimu alikuwa na ilhamu. Nasema kijana aliambiwa leo usiende, akakubali bila kuuliza maswali kumi.

Habari ya pili ni ya Marekani. Ijumaa ya tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, mwana wa rais, aliruka kutoka New Jersey na mkewe na shemeji yake kwenda harusini. Waliondoka jua limeshazama. Juu ya bahari kulikuwa na utusitusi, hakuna upeo wa kuonekana, naye hakuwa na ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vyombo pekee. Wachunguzi wa serikali walisema alipotewa na mwelekeo gizani, ndege ikaingia majini. Wote watatu walikufa. Kungekuwa na asubuhi ya Jumamosi.

Harusi za Lamu nazo zina siku na saa. Mtu wa Nairobi aliyeshuka Vipingo Ijumaa ana kazi Jumatatu, na Jumapili alasiri, mawingu yakiwa yamesimama juu ya bara, ataanza kujiambia kwamba akiwahi atafika Wilson kabla ya jua kuzama. Hapo hiari imeshauzwa, na aliyeinunua ni bosi wake. Kwa hiyo liwekeni jambo hili sawa tangu Ijumaa. Mwambie mkubwa wako kazini kwamba huenda Jumatatu usionekane. Mwambie bwana harusi akiona kimya aendelee na nikaha. Weka nauli mfukoni, kando na fedha za mafuta, usiiguse. Treni ya Madaraka inakwenda Nairobi kutoka Miritini tangu 2017, na mabasi hayakosekani Mombasa. Funga ndege kwa kamba, funika mrija, mpe mlinzi chochote, panda treni. Watu watacheka wakikuona rubani mzima umebeba begi lako kwenye behewa. Wewe tafuta kiti cha dirishani, na mkifika Voi tazama mawingu yalivyokaa juu ya vilima vya Taita, uandike na saa, kwa sababu Jumatano utakapoifuata ndege yako njia ni hiyo hiyo.