Kinga Iliyozaa Usugu

Kipindupindu kilipozuka tena Tanzania Oktoba 1977, kiliikuta nchi ina dawa. Vijidudu vya wagonjwa wa mwanzo vilipooteshwa maabara, vyote vilishindwa na antibayotiki ya tetrasaiklini. Habari njema ya namna hiyo ina hatari yake, kwani humfanya mtu agawe dawa bila kuhesabu.

Ikagawiwa kweli. Wagonjwa walipewa, na hapo hakuna neno. Lakini na wazima walimezeshwa, eti wakingike. Simlaumu aliyeamua hivyo huku watu wakiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele na hofu imetanda. Ila kinga ya vidonge ni ya siku chache tu. Dawa ikishatoka mwilini, mtu huyarudia maji yale yale ya kisima, na vijidudu vilivyoonja dawa bila kufa huendelea kuzaana.

Maabara iliendelea kuvipima. Kipimo kilichozoeleka ni rahisi kukieleza. Bakteria waliooteshwa kutoka kwenye kinyesi hupakwa juu ya sahani yenye chakula chao, kisha huwekwa vijiduara vya karatasi vyenye dawa. Sahani hulazwa kwenye joto la nyuzi 35 hivi hadi kesho yake. Dawa yenye nguvu huacha uwazi kuizunguka karatasi. Mtaalamu huupima kwa milimita na kuulinganisha na jedwali. Bakteria wakiota mpaka ukingoni mwa karatasi, dawa imeshindwa, hata kama bohari imejaa makopo yake.

Mtafiti Fred Mhalu na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo hivyo katika jarida la The Lancet mwaka 1979: baada ya miezi mitano tu ya kutumia tetrasaiklini kwa wingi, asilimia 76 ya vijidudu vilivyopimwa vilikuwa sugu. Jibu la Oktoba lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kulitegemea hadi Machi.

Tena hasara haikuishia kwenye tetrasaiklini. Uchunguzi uliofuata ulikuta jeni za usugu kwenye plasmidi, yaani vipande vya DNA ambavyo bakteria hupeana, na plasmidi moja huweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja. Anayeitumia ovyo dawa moja anaweza kuziharibu na nyingine ambazo hata hajazigusa.

Na yote hayo kwa ugonjwa ambao mgonjwa wake huokolewa kwanza na maji ya chumvi na sukari, au dripu akizidiwa. Antibayotiki hupunguza muda wa kuharisha kwa waliolemewa. Siku hizi Shirika la Afya Duniani halishauri kuwamezesha watu wote dawa ili kuzuia kipindupindu. Kwenye mlipuko, sampuli za wagonjwa hupelekwa maabara mwanzoni, kisha tena na tena wakati ugonjwa ukiendelea.