ASKOFU KIBIRA NA MEZA MOJA

Somo: Wagalatia 2:11-14



Siku tuliposhiriki Meza ya Bwana niliona jambo ambalo nimelinyamazia muda mrefu. Watu wa upande fulani walikaa mabenchi ya kulia, wa upande mwingine kushoto, na mzee mmoja alichelewa kusogea kwa makusudi, asije akakishika kikombe baada ya mtu wa kabila lile. Nami mchungaji wenu nikaendelea kumega mkate kama mtu asiyeona.

Ndiyo sababu nawaletea leo habari za Josiah Kibira. Chuo cha Biblia tulifundishwa maaskofu wa Kilutheri wa Ulaya ya zamani, wachungaji na wasomi kwa pamoja, kama Mikael Agricola aliyewapa watu wa Ufini Agano Jipya kwa lugha yao mwaka 1548. Ni vema. Lakini wa namna hiyo tunaye hata jirani, huko Bukoba, Tanzania, ng'ambo ya mto Akagera.

Kibira alizaliwa mwaka 1925. Alikuwa mwalimu, kisha akasoma elimu ya Mungu Bethel, Ujerumani, na Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu, akipokea kiti kutoka kwa Bengt Sundkler wa Uswidi, msomi naye. Lakini moto wake haukutoka Ujerumani. Ulitoka hapa! Uamsho ulioanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, miaka ya 1930, ulivuka mpaka ukafika Bukoba, watu wakatubu hadharani na kuitana ndugu pasipo kuulizana ukoo. Kibira alikuwa mtoto wa uamsho huo.

Kuhusu ukoo hakusema maneno mepesi. Mwaka 1974 alitoa kitabu kizima juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, maana alijua kwamba mtu wa kwetu habatizwi peke yake: anakuja na baba zake, mashamba yao, na ugomvi wao pia.

Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huohuo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini si siasa tu, ni jambo la imani yenyewe. Huko Walutheri weupe na weusi walikuwa na makanisa mbalimbali na meza mbalimbali. Mwaka 1984 huko Budapest, Kibira akimaliza urais wake, makanisa mawili ya weupe ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama. Ndivyo Paulo alivyomfanyia Petro kule Antiokia, Petro alipoogopa watu akajitenga na chakula cha Mataifa. Na Petro alikuwa mtume!

Kibira alifariki mwaka 1988. Hakuona mwaka 1994, wakati katika nchi hii hii ya uamsho waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, wengine ndani ya makanisa. Sisi tuliokimbia vita vya Kongo tusijifanye wageni wa habari hiyo. Nyimbo tulizijua zote, na bado tulijua pia jirani ni wa kabila gani.

Nilikwenda kwa yule mzee Jumatano. Amekubali niandike haya bila jina. Aliniambia nani aliyemuua mwanawe, na kwamba lugha ya mtu huyo anaisikia kila Jumapili nyuma ya mgongo wake. Sikuwa na jibu. Tuliomba, tukanywa chai.

Meza ijayo mabenchi tutayapanga kwa mzunguko, na mimi nitashika kikombe wa mwisho. Mzee hakuniahidi kwamba atakuja. Nimemwambia nafasi yake itakuwapo, karibu na mlango, kama atapenda.