Besi Kuipisha Ngoma

Swali ninalotaka tulitafakari katika kurasa hizi ni la zamani, ingawa kwangu limeingia kwa mlango mpya. Je, ni haki kuishusha sauti ya mmoja ili mwingine apate kusikika? Na kama ni haki, ni kwa masharti gani? Vijana wetu wa Ngara na Biharamulo wanaotengeneza muziki kwa kompyuta hulijibu swali hili kila wanapoketi kazini, pengine bila kujua kwamba ni swali la maadili. Wao huliita saidicheni.

Tuanze kwa kulielewa jambo lenyewe, maana si vema kuhukumu usichokijua. Katika muziki wa kisasa ziko sauti mbili zinazokaa chini kabisa. Ya kwanza ni ngoma iitwayo kiki, ile inayopiga dum, dum, na kuongoza miguu ya wachezaji. Ya pili ni besi. Sikio la mwanadamu mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ukumbi ni mkubwa. Lakini kiki na besi huweka nguvu zao nyingi katika kona moja, kiasi cha mitetemo 50 hadi 100. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Zikilia kwa pamoja huisikii ngoma wala huisikii besi, bali mngurumo mmoja, kama wa lori linalopanda mlima.

Fundi afanye nini? Akiishusha besi tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, wimbo utapwaya. Basi hutumia kompresa, yaani chombo kinachopunguza sauti inapozidi kiwango. Kwa kawaida kompresa huisikiliza sauti ileile inayoipunguza. Katika saidicheni chombo hufungwa kwenye besi, lakini sikio lake huelekezwa kwa kiki. Kwa mfano, katika programu ya FL Studio, iliyotengenezwa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, fundi huchukua mkondo wa kiki katika miksa na kuuelekeza kwenye mkondo wa besi, si ili usikike huko, bali usikilizwe tu. Kisha huweka Fruity Limiter juu ya besi, akaiagiza iisikilize kiki.

Baada ya hapo hupanga mambo manne. La kwanza ni kizingiti: kiki ipige kwa nguvu gani ndipo besi ipishe. La pili ni uwiano: besi ishuke kiasi gani. La tatu ni upesi wa kushuka, ambao huwa ni milisekunde chache tu. La nne ni muda wa kurudi: kiki ikiisha kupiga, besi irejee mahali pake baada ya muda gani. Kila dum likilia, besi huinama kidogo na kuinuka tena. Msikilizaji haoni kuinama huko. Huona tu kwamba wimbo umepata pumzi.

Niliwahi kuketi nyuma ya kijana mmoja wa Biharamulo alipokuwa akirekodi kwaya. Mpiga besi alipoona mchoro wa sauti yake ukishukashuka katika kioo cha kompyuta, alinung'unika: "Mbona yangu tu ndiyo inakatwa? Na mimi nimefanya mazoezi kama wengine." Kijana hakubishana naye. Alimwambia, "Kaka, hebu sikiliza kwanza," akaupiga wimbo mara mbili, bila saidicheni na kwa saidicheni. Mara ya pili besi ilisikika wazi zaidi kuliko mara ya kwanza, ingawa ilikuwa imepunguzwa. Mpiga besi aliridhika. Mimi nilibaki na swali lake, kwa sababu manung'uniko hayo nimeyasikia miaka mingi katika vyumba vya madarasa, katika mikutano ya walimu na katika nyumba za watu, na si kila mara mnung'unikaji alikuwa na sababu ya kuridhika.

Sharti la kwanza, kwa maoni yangu, ni kwamba anayepishwa awe amebeba kitu cha wote. Kiki haipishwi kwa kuwa ni bora kuliko besi. Hupishwa kwa kuwa ndiyo inayoshika mwendo, na bila mwendo hata besi yenyewe ingepotea. Sisi wa mpakani tuna mifano miwili ya redio iliyo dhahiri. Ng'ambo ya mto Kagera, kuanzia Julai 1993, kulikuwa na redio iliyoitwa RTLM. Ilivuma kwa muziki na mzaha, ikajifanya ndiyo mapigo ya nchi, na mwaka 1994 ikachochea mauaji ya kimbari. Wakuu wake walihukumiwa na mahakama ya kimataifa mjini Arusha mwezi Desemba 2003. Upande wetu, mwaka 1995, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapa Ngara, ili wakimbizi na wenyeji wapate habari za kweli. Neno lenyewe lina maana ya kutumaini. Katika redio zote mbili muziki ulishuka ili mtangazaji aseme. Ufundi ni uleule. Tofauti ni kile kilichosemwa muziki uliposhuka. Kwa hiyo anayetuomba tunyamaze tuna haki ya kumwuliza: umebeba nini?

Sharti la pili ni kiasi. Fundi mzuri huishusha besi kidogo tu, mara nyingi desibeli tatu hadi sita. Akiishusha mno, wimbo huanza kuhema kama mgonjwa wa pumu. Mwalimu naye anapozungumza, darasa linyamaze. Hilo ni sawa. Lakini mwalimu ambaye wanafunzi wake hawapumui mbele yake hafundishi, bali ananguruma peke yake. Nimekagua mafunzo ya vitendo ya walimu wanafunzi kwa miaka mingi, na darasa la namna hiyo hutambulika ukiwa bado mlangoni: ni kimya kilichojaa woga, si usikivu.

Sharti la tatu ndilo kubwa, nalo ni muda wa kurudi. Tufanye hesabu ndogo. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Fundi akiweka muda wa kurudi uwe milisekunde 200, besi huinama, hurejea, na hubaki na nafasi ya kulia kwa ukamilifu kabla ya pigo linalofuata. Akiuweka 800, pigo jipya litaikuta besi ingali imeinama, na litakalofuata vilevile. Besi hiyo haitafika tena mahali pake hadi wimbo uishe. Haijaondolewa katika wimbo, jina lake bado limo katika orodha, lakini imenyamazishwa. Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya kupisha na kunyamazishwa.

Wilaya ya Ngara iliwahi kuishi hesabu hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa takribani saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa. Baada ya muda wageni walizidi wenyeji kwa idadi. Wenyeji walipisha: mashamba, visima, barabara, na misitu iliyokatwa kwa kuni. Ilikuwa haki kupisha, maana mtu anayekimbia kifo amebeba kitu cha wanadamu wote. Lakini wahenga hao hao waliosema mgeni njoo mwenyeji apone, ndio waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba ukarimu nao unahitaji muda wa kurudi.

Tena, kurudi kwa ghafla nako kuna madhara. Katika muziki, muda wa kurudi ukiwa mfupi kupita kiasi, sauti hukwaruza. Desemba 1996 serikali na UNHCR zilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwezi kuisha. Wengi walikwenda kwa kusukumwa, mizigo kichwani na watoto mgongoni, huku wengine wakigeuka na kuelekea porini. Wenyeji walirudishiwa nafasi yao, lakini ni nani anayeweza kusema kwamba jambo lile halikukwaruza?

Sasa nifikie mahali ambapo mfano wa kompyuta unatuacha njiani. Katika saidicheni sikio liko upande mmoja tu. Besi huisikiliza kiki, lakini kiki haiisikilizi besi kamwe. Hilo linafaa kwa vyombo. Kwa watu halifai. Yuko mama ambaye amempisha mumewe katika kila neno la baraza kwa miaka arobaini. Yuko kijana ambaye kila akifungua kinywa huambiwa wazee wanaongea. Hawa hawakupisha, wamewekewa muda wa kurudi usio na mwisho, kisha tunausifu unyamavu wao na kuuita adabu.

Afadhali tujifunze kwa ngoma za Burundi, ambazo watu wa Bugufi wanazijua vema, maana nchi yao ilikuwa sehemu ya ufalme ule kabla ya mipaka ya wakoloni. Katikati husimama ngoma iitwayo inkiranya, na nyingine zote huifuata. Lakini wapigaji hupokezana: huyu huingia katikati, huonyesha ustadi wake, kisha humwachia mwenzake na kurudi katika mstari. Kiti cha kupishwa ni kimoja, wakaaji ni wengi. Hata hivyo tusizipambe ngoma hizo kupita ukweli: mwaka 2017 amri ya rais wa Burundi iliwakataza wanawake kuzipiga. Hata duara zuri linaweza kuwa na watu waliowekwa nje yake.

Jibu langu, basi, ni hili. Kumpisha mwenzako si kushindwa. Ni kazi ya mtu anayesikia. Lakini kila anayepishwa anadaiwa. Amalize neno lake, ashushe sauti, amwachie aliyempisha nafasi ya kusimama wima tena. Ukiwa mkuu wa nyumba, wa shule au wa kijiji, usijipime kwa jinsi watu wanavyonyamaza unapoanza kusema. Jipime kwa upesi na uhuru wanaorejea nao kusema ukishamaliza.