Je, Haki Hufa kwa Kusahauliwa?

Mwaka 1926 baraza la mji wa Shrewsbury, nchini Uingereza, lilinunua ardhi ambayo ikawa sehemu ya kiwanja cha Greenfields, mahali pa watu wote kucheza na kupumzika. Mwaka 2017 baraza lililorithi mali hiyo liliiuzia kampuni ya ujenzi kipande chake, na mwaka uliofuata kampuni ikapata kibali cha kujenga nyumba 15. Mkazi mmoja akaenda mahakamani. Alishindwa mara mbili. Tarehe 1 Machi 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikampa ushindi, na kibali kikafutwa.

Kisa chenyewe kimesimama juu ya tangazo. Sheria ya mwaka 1972 inalitaka baraza, kabla ya kuuza ardhi lililoishika kwa niaba ya umma, litangaze nia yake katika gazeti la mahali hapo kwa wiki mbili mfululizo, na lizitazame pingamizi. Likifanya hivyo, ardhi humfikia mnunuzi bila ya kifungo. Baraza halikutangaza, kwani halikutambua kuwa ardhi ile ina wenyewe. Hati zake halikuzichungua ipasavyo. Mahakama haikuyabatilisha mauzo. Ilisema tu kwamba haki ya watu haikuondoka: mnunuzi ameipata ardhi, na watu wamo ndani yake.

Nami niliye mfasiri, neno la Kiingereza lililo roho ya hukumu hii limenisumbua. Niliite wakfu? Asili ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Lakini wakfu hutokana na kauli ya mtu aliyekitoa chake kwa ajili ya Mungu, na kiwanja hiki kilifungwa na sheria ya Bunge, ambayo hiyo hiyo imeacha mlango wa kukifungua. Niliite amana? Amana mwenyewe huijia akaichukua. Mtoto wa Greenfields hawezi kwenda barazani akadai apewe hatua zake tatu za majani. Hapa Zanzibar tuna Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na jina hilo, kwa kuyaweka maneno mawili bega kwa bega, lanionesha kuwa hakuna moja linalotosheleza.

Hata hivyo nimechagua amana, kwa sababu mafakihi wetu walikwisha kuipimia kosa lake. Aliyewekwa amana halipi kilichopotea bila ya taksiri yake, akizembea, hulipa. Kusahau kwa mlinzi ni kosa la mlinzi. Kwa nini basi hasara yake imwangukie mwenye mali? Na wenye mali hapa ni pamoja na wasiozaliwa bado, ambao hawakupata hata nafasi ya kusahau.

Litakuja swali la mnunuzi, na ni swali zito. Alitoa fedha zake, naye si yeye aliyenyamaza. Sioni jibu la kumfurahisha. Dai lake ni juu ya aliyemuuzia, na dai hilo ni la haki. Lakini halilipwi kwa kiwanja cha watu wa tatu.

Linalonikera zaidi ni jingine. Lau baraza lingelipa matangazo mawili gazetini, likazisoma pingamizi na kuziweka kando, haki ile ile ya tangu 1926 ingelikwisha, na mkazi yule asingelikuwa na la kushika. Wapo watakaosema kwamba kumbe ushindi wake ni wa karatasi. Sikubali. Watu wengi wa Greenfields wangalijulia katika tangazo hilo, kwa mara ya kwanza, kwamba kiwanja walichokikanyaga miaka yote ni chao. Ila watoto wanaokichezea hawasomi kurasa za matangazo ya baraza, na sheria haikusema ni nani awasomee.