Nani Alipie Tangazo la Msiba?

Enzi za Radio Tanzania, tangazo la kifo liliposomwa nyumba nzima ilinyamaza. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi, Radio One ikaanza 1994, na baadaye FM za kibiashara zikaenea Iringa, Morogoro na miji midogo kuliko hiyo. Wimbi la FM halivuki mlima, hufika pale mnara unapopaona. Basi wanaoisikia redio ya mji mdogo ni wale wale wanaoweza kuwahi maziko. Je, ni haki redio hiyo imtoze mfiwa ili wapate habari?

Kwetu Waislamu, kumzika maiti ni faradhi ya kifaya: wakitimiza baadhi, wengine wamesameheka, wakiacha wote, wote wana dhambi. Faradhi haitimiziki bila habari. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitangaza kifo cha Najashi, akawapanga masahaba safu, wakamsalia. Kwa hiyo mfiwa anayehesabu noti dirishani pa redio, huku maiti ikisubiri kuoshwa, hanunui kitu chake. Analipa ili jirani atimize wajibu wa jirani. Deni ni la wasikilizaji, naye ndiye anayelilipa.

Mwenye redio atasema umeme haulipiwi kwa dua, na muuza sanda naye huuza, hakuna anayemlaumu. Ni kweli, na biashara yake ni halali. Lakini sanda ikishakatwa imetoka dukani. Nusu dakika ya hewani haipunguzi kitu, na masikio yale yale yanayongoja habari za misiba ndiyo anayowauzia wenye sabuni na mitandao ya simu. Gharama imekwisha kulipwa huko. Wengine watasema siku hizi kuna makundi ya WhatsApp. Kundi huwafikia ambao namba zao zipo; mzee aliyelima mpaka mmoja na marehemu miaka thelathini hayumo.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba tangazo la bure litageuka uwanja wa majivuno: vyeo, watoto walioko Ulaya, orodha ya mashemeji. Wanazuoni waliliona hilo zamani, wakatenganisha kutangaza ili watu wasali na kutangaza kwa kujitukuza. Redio inaweza kufuata mstari huo huo. Jina la marehemu, mtaa wake, mahali na saa ya maziko visomwe bure, mara mbili, kabla ya adhuhuri. Vyeo na mashemeji vilipiwe.