Mdai Asiye na Chuki

Wenye kuzungumza juu ya tabia njema wana swali la tangu zamani: mtu aliyedhulumiwa akisema hadharani kwamba hamchukii aliyemdhulumu, je, amekwisha kumsamehe? Wengi hujibu upesi kuwa ndiyo, kwani kwao chuki na madai ni kitu kimoja, ikiondoka hiyo na hayo yameondoka. Jawabu hili si sawa, wala madhara yake si madogo. Humpa dhalimu stakabadhi ya deni ambalo hajalilipa.

Mfano ulio wazi katika zama hizi ni wa Daktari Izzeldin Abuelaish, Mfalastini aliyezaliwa mwaka 1955 katika kambi ya wakimbizi ya Jabalia, Gaza. Alisomea udaktari Misri, akawa mtaalamu wa uzazi na wa kuwatibu wasiopata watoto, na kazi hiyo akaifanya hata katika hospitali za Israeli. Mwezi wa Septemba 2008 mkewe alikufa kwa saratani ya damu, akamwachia watoto 8. Kabla ya mwaka kwisha vita vikaingia Gaza, tarehe 27 Desemba, vikaua Wafalastini karibu 1,400 na Waisraeli 13. Waandishi wa khabari wa kigeni walizuiwa kuingia. Yeye, kwa kuwa ajua Kiibrania, akawa akiwaeleza Waisraeli kwa simu, katika televisheni yao wenyewe, yanayowapata watu wa Gaza. Tarehe 16 Januari 2009, siku mbili kabla ya vita kusimama, kifaru kikapiga chumba cha binti zake. Watatu wakafa, na wa nne binti wa nduguye. Baba akampigia simu mtangazaji aliyezoea kusema naye, na kilio chake kikasikiwa majumbani kwa Waisraeli saa ile ile.

Mwaka huo akahamia Toronto, Kanada, kufundisha chuo kikuu. Mwaka 2010 akatoa kitabu kwa Kiingereza, I Shall Not Hate, maana yake Sitachukia. Kikafasiriwa kwa lugha nyingi. Ndipo alipoanza kukizungukia miji ya Amerika, Ulaya na kwingineko, akihutubu vyuoni na katika mabaraza, mbele ya Waislamu, Wakristo na Mayahudi, akisimulia kila mahali habari ya chumba kile.

Huenda mtu akasema: Je, huku si kuikosa subira? Msiba wa muumini hupelekwa kwa Mola wake, kama Nabii Yaakub alivyompelekea Mola wake huzuni yake peke Yake. Neno hili lina uzito kwa mwenye kulia ili ahurumiwe. Ama mwenye kueleza yaliyotendeka ili yasikanushwe, huyo hashitaki kadari ya Mungu, bali atoa ushahidi. Na Qur'ani imekataza ushahidi kufichwa. Mtu mmoja aweza kuwa na mambo yote mawili, huzuni kwa Mola wake usiku na ushahidi kwa watu mchana, wala moja halibatilishi la pili. Na anayesema kuwa msiba umefanywa biashara, na ajue kwamba daktari huyu ameunda wakfu kwa ajili ya kuwasomesha wasichana wa Mashariki ya Kati, kwa ukumbusho wa binti zake.

Lakini lililo zito zaidi haliko kwa msemaji, liko kwa wasikilizaji. Watu huingia barazani wakiogopa kulaumiwa. Mbele yao husimama baba aliyeuliwa watoto, naye awaambia kuwa hana chuki. Nyoyo zikatua, machozi yakatoka, makofi yakapigwa. Kila mtu akarudi kwake akiona kuwa jambo lile limekwisha kwa wema. Machozi ya namna hii ni rahisi sana. Aliyelia hakutoa kitu, naye ameondoka na raha ambayo hakuijia. Hakuulizwa nani alitoa amri ya kupiga, wala serikali yake iliuza silaha gani. Amesikia nusu ya maneno, na nusu hiyo ndiyo iliyompendeza.

Na aangaliwe mfanyabiashara yeyote sokoni. Akimwambia mdeni wake, "Mimi sina kinyongo nawe," mdeni hawezi kwenda kwa kadhi akasema kuwa amesamehewa deni. Kadhi atamwuliza: Alisema amekuachia? Kinyongo ni cha moyo, na mwenye moyo aweza kukitupa kwa ajili ya afya yake mwenyewe, kama vile daktari huyu anavyosema kuwa chuki ni sumu na ni ugonjwa. Deni ni haki. Haitoki ila kwa kulipwa au kwa mwenyewe kutamka kuwa ameiacha.

Katika damu jambo hili ni kubwa zaidi. Maulamaa wamefundisha kwamba haki za waja hazifutwi kwa toba tupu mpaka mwenye haki aridhishwe au asamehe. Hata aliyeua kwa kukosea, asiyekusudia, yampasa kafara, na diya kwa jamaa wa maiti isipokuwa wao wenyewe wakiiacha sadaka. Kusamehe ni kwa jamaa. Hakuna mgeni, hata awe na nia njema namna gani, awezaye kusamehe badala yao kwa kupiga makofi.

Kuwa daktari mwenyewe aliijua tofauti hii kwadhihiri katika jambo ambalo wapigao makofi hawalitaji sana. Mwezi wa Desemba 2010, mwaka ule ule wa kitabu cha Sitachukia, alifungua mashtaka juu ya serikali ya Israeli. Alitaka ikiri na kumwomba radhi. Na fidia, kama ingetolewa, alisema ataitia katika wakfu ule wa wasichana. Jeshi lilikuwa limekubali kuwa makombora yalikuwa yake, ila likasema askari walidhani ghorofani mna watu wa kuchungulia. Mwaka 2018 mahkama ya Beersheba iliyakataa madai, na Novemba 2021 Mahkama Kuu ikakataa rufaa, kwa kuwa lilikuwa tendo la vita, na sheria ya nchi ile haitoi fidia kwa tendo la vita. Miaka 11 alidai, na muda wote huo alikuwa akienda mji kwa mji kusema kwamba hachukii.

Vita vya Oktoba 2023 vilipoanza, jamaa zake wengine wakauliwa Gaza. Alisimama tena mbele ya watu, na neno la chuki hakulitoa. Radhi aliyoitaka katika mashtaka yake alikuwa bado hajaombwa.